Picha ya nyuklia, au kulala na kusimama? Kupima mishipa ya fahamu ya moyo kwa mwenye kisukari na presha

"Sista, hii picha ya nyaya za moyo inapigwa wapi?"

Baba aliyeniuliza alikuwa ameniinulia simu, ujumbe wa kijana wake aliyeko Ujerumani ukiwa bado wazi. Ametoka Kibosho, ana miaka 58, sukari anaishi nayo mwaka wa 14 sasa na presha mwaka wa 9. Kijana alikuwa amesoma kwamba ipo kamera inayoonyesha mishipa ya fahamu ya moyo ikiwa kazini, na kwamba sukari huila mishipa hiyo kimyakimya. Yote mawili ni kweli. Baba alikuwa tayari kuuza ng'ombe wa maziwa aifuate picha popote ilipo.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kisukari na presha hapa Moshi. Swali lake nimeshaulizwa na wengine, wa huku na wa Arusha, kwa hiyo nimeona niviweke vipimo hivi kimoja kando ya kingine: picha ya MIBG, picha ya PET, vipimo vya kitandani vya kulala, kusimama na kupumua, na mashine ya presha ya saa 24. Msimamo wangu nausema mapema. Kwa walio wengi, ng'ombe abaki zizini na kipimo cha kulala na kusimama kianze. Lakini wapo ambao ningewaambia wauze, na hao nitawataja.

Kinachotafutwa ni nini

Moyo unaendeshwa na mishipa ya fahamu ya aina mbili ambayo hatuiamuru sisi. Moja huchochea, madaktari huiita simpathetiki, na humwaga kemikali iitwayo noradrenalini kwenye msuli wa moyo. Nyingine hutuliza, na njia yake kuu ni neva ya vegasi, inayoshuka kutoka chini ya ubongo, ikapita shingoni na kifuani hadi tumboni. Fikiria mafuta na breki.

Sukari hupiga mishipa mirefu kwanza. Ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni mwa miguu na si mapajani. Vegasi ni ndefu, basi nayo huumia mapema, na breki ikilegea moyo huenda mbio hata mtu akiwa ameketi anasubiri namba yake: mapigo 95, 100, na zaidi. Baadaye mishipa ya kuchochea nayo hufa, ikianzia ncha ya moyo na ukuta wake wa chini, kisha uharibifu unapanda juu. Hapo ndipo mambo ya hatari huja bila kelele. Presha huanguka mtu akisimama. Sukari ikishuka mno, lile jasho na yale mapigo ya kasi vinavyomwonya mtu vinaweza visije. Mshipa wa damu wa moyo unaweza kuziba na mgonjwa asisikie maumivu ya kifua, akabaki akisema tu amechoka.

Presha ya kupanda ina mwendo wake. Kwa wengi wenye presha, mishipa ya kuchochea haitulii: inausukuma moyo mchana, na usiku inaendelea. Msuli wa moyo hunenepa kwa kazi hiyo. Sasa mtu mwenye sukari na presha kwa pamoja ana mishipa inayochochewa kupita kiasi huku ikifa. Lishike hilo, kwa sababu ndilo linaloitatiza picha.

Niseme pia kuhusu eko na ECG, maana watu huniletea majibu ya eko wakidhani yamejibu swali hili. Eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, inaonyesha misuli, vali na jinsi moyo unavyosukuma damu. ECG inaonyesha umeme wa moyo wenyewe. Mishipa ya fahamu haionekani katika hizo mbili, ingawa karatasi ya ECG, kama utakavyoona, inaweza kuifichua ukijua pa kuweka rula.

Picha ya MIBG

MIBG ni dawa iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, karibu na 1980, ikiwa imefananishwa na noradrenalini. Mishipa ya kuchochea huichukua ikidhani ni kemikali yake yenyewe na kuiweka ghalani, ila haiwezi kuitumia. Dawa hiyo hufungwa na iodini-123 yenye mionzi, na kamera ya gama iliyoelekezwa kifuani huona mionzi inatoka wapi. Panapong'aa pana mishipa hai. Penye giza mishipa imekufa, imezidiwa, au imezibwa na dawa nyingine.

Siku yenyewe huwa hivi. Unapewa dawa ya iodini ya kawaida kuilinda tezi ya shingo. Unachomwa sindano mkononi. Baada ya dakika 15 hivi unapigwa picha ya kwanza ukiwa umelala chali kwa dakika 10, kisha unasubiri mpaka zitimie saa nne tangu uchomwe sindano, unapigwa ya pili. Wataalamu hulinganisha mng'ao wa moyo na mng'ao wa eneo la juu katikati ya kifua, wakapata uwiano. Pia huangalia kati ya picha ya kwanza na ya pili dawa imetoka moyoni kwa kasi gani. Mishipa inayochochewa mno huitoa upesi. Kiasi cha mionzi kwa sindano ya kawaida ni takriban milisiverti 5, yaani kama mara mbili ya mionzi ya asili ambayo binadamu hupata kwa wastani kwa mwaka. Si mingi, lakini mjamzito asipigwe, na mwenye figo zilizochoka sana amwambie daktari mapema, kwa sababu dawa hii hutoka kwa njia ya mkojo na kwake itakaa mwilini muda mrefu zaidi. Kati ya wagonjwa wetu wa sukari, wenye figo zilizochoka si wachache.

Uzito wa picha hii umethibitishwa vizuri katika ugonjwa mmoja: moyo kushindwa kusukuma damu. Utafiti wa ADMIRE-HF, uliochapishwa 2010, uliwafuatilia watu 961 ambao mioyo yao ilikuwa dhaifu. Waliokuwa na uwiano wa 1.60 kwenda juu, asilimia 15 walipata tatizo kubwa ndani ya miaka miwili: moyo kuzidiwa zaidi, mapigo ya hatari, au kifo cha moyo. Waliokuwa chini ya 1.60 walikuwa asilimia 37. Kwa sababu ya matokeo hayo, 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu MIBG kwa kupima mioyo ya namna hiyo. Japani walikuwa wakiitumia tangu miaka ya 1990.

Soma tena maneno hayo: mioyo iliyokuwa dhaifu tayari. Hawakuwa watu wa sukari na presha wanaotembea, wanaolima, wanaopanda daladala na kushuka. Kwa mtu wa namna hiyo uwiano ukiwa mdogo, picha haisemi mkosaji ni nani. Inaweza kuwa sukari imeua mishipa. Inaweza kuwa msuli umenenepa kwa presha. Inaweza kuwa moyo umeanza kuchoka na hakuna aliyegundua. Namba ni moja, magonjwa ni mawili au matatu, na dawa utakazorudi nazo nyumbani zitakuwa zilezile.

Halafu kuna jambo ambalo limenisumbua zaidi ya mengine yote, la dawa za mgonjwa mwenyewe. Mama mmoja wa Arusha, mwenye miguu inayowaka moto usiku, alikuwa anameza amitriptilini kila jioni, dawa ambayo hupewa watu wengi wa sukari kwa maumivu hayo hasa. Amitriptilini huziba mlango uleule ambao MIBG huingilia kwenye neva. Angepigwa picha huku akiimeza, moyo wake ungeonekana mtupu, na familia ingelia bure. Labetalol, ambayo ni dawa ya presha, nayo huiharibu picha. Reserpini pia, na baadhi ya dawa za mafua zenye pseudoefedrini. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya picha, andika kila unachomeza, hata ulichonunua duka la dawa la mtaani, na daktari aamue kipi kisimamishwe na kwa siku ngapi. Usisimamishe mwenyewe. Presha inayofumuka kwa sababu ya kuacha dawa ghafla haimsubiri mtu amalize kupigwa picha.

Na jambo la mwisho kuhusu MIBG: 1.60 ya hospitali moja si lazima iwe 1.60 ya hospitali nyingine. Iodini-123 hutoa pia miali yenye nguvu nyingi inayopenya kichujio chembamba cha kamera na kuipotosha hesabu, kwa hiyo vichujio viwili tofauti huweza kutoa namba mbili kwa moyo uleule. Ukipigwa leo hapa na mwakani kwingine, usilinganishe bila kuuliza.

Picha ya PET

Hii ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho ya mtafiti. PET nayo ni picha ya nyuklia, ila kwa kamera ya aina nyingine. Hutumia dawa iitwayo hidroksiefedrini yenye kaboni-11 ya mionzi, nayo huingia kwenye mishipa kwa mlango uleule. Tofauti ni kwamba PET hupima kila kipande cha moyo kwa namba yake, wakati picha bapa ya MIBG inatoa uwiano wa moyo mzima. Ni kwa PET wataalamu waliona vizuri jinsi sukari inavyoanzia nchani na kwenye ukuta wa chini wa moyo. Na ni kwa PET walishuhudia kitu kinachonigusa kila nikikifikiria: moyo uliopandikizwa, ambao nyaya zake zote zilikatwa na daktari wa upasuaji, baada ya miaka huanza kuota mishipa mipya kuanzia juu kwa mbele. MIBG hupata taabu kwenye ukuta wa chini, kwa sababu ini nalo hung'aa sana na liko jirani. Yaani pale ambapo sukari huanzia kazi yake ndipo MIBG inapoona vibaya zaidi.

Sasa hesabu. Kaboni-11 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 20. Ukiitoa stendi ya Moshi mjini kwa daladala mpaka hospitali ya KCMC, kwa vituo vile vyote, nusu yake imeshapotea. Nairobi ina PET na saiklotroni yake, yaani mtambo wa kutengeneza kaboni-11 na mionzi mingine kama hiyo, na kazi yake kubwa ni saratani. Lakini tuseme wangetengeneza dozi na kuipakia gari la Arusha kupitia Namanga. Baada ya saa tano ingebaki chini ya sehemu moja kati ya 25,000. Dawa hii haisafiri. Mgonjwa ndiye asafiri mpaka mlangoni pa saiklotroni, tena iliyo na mtaalamu wa kutengeneza dawa hii hasa. Iodini-123 ina subira zaidi, hupungua kwa nusu kila baada ya saa 13, kwa hiyo inaweza kupanda ndege.

Kwa ajili hiyo PET ya mishipa ya moyo naiacha hapa. Ni chombo cha utafiti. Sioni mgonjwa wa Kilimanjaro au Arusha ambaye ningemwambia aitafute kwa fedha zake.

Kulala, kusimama, kupumua

Vipimo hivi vilipangwa Edinburgh, Uskoti, miaka ya 1970, na David Ewing na Basil Clarke. Vilikuwa vitano. Vinahitaji kitanda, mashine ya presha, ECG, saa yenye mshale wa sekunde, na mtu mwenye subira. Havioni mishipa kwa macho. Vinaiuliza swali na kusubiri ijibu.

Nilitaka kumfanyia yule baba siku ileile, daktari akiwepo. Kwanza niliuliza kama amekunywa kahawa. Alikuwa amekunywa, tena ya shambani kwake, basi ikabidi arudi kesho yake bila kahawa, bila sigara, saa mbili na zaidi baada ya kula. Watu wa huku hawapendi kuambiwa hivyo, lakini kahawa huharibu majibu.

Kesho yake alilala chali, nikamuunganisha na ECG, nikamwambia avute pumzi huku nikihesabu hadi tano, kisha aitoe nikihesabu hadi tano. Pumzi sita kwa dakika moja. Moyo wenye breki nzima huongeza kasi ukivuta pumzi na kuipunguza ukitoa, na tofauti huonekana kwenye karatasi. Nilichukua rula ya mwanangu ya shule. Karatasi ya ECG hutembea milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo ukigawa 1,500 kwa milimita zilizopo kati ya vilele viwili unapata mapigo kwa dakika. Pale palipobana nilipata milimita 20, yaani mapigo 75. Pale palipoachana nilipata 21, yaani 71. Tofauti ni mapigo manne. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa pembeni alijipima mwenyewe: 17 na 23, yaani 88 na 65. Tofauti 23. Aliziweka karatasi mbili pamoja mezani. Ya kwake ilikuwa kama akordioni, inabana na kufunguka; ya baba ilikuwa kama kitana.

Kwa vigezo vya Edinburgh, tofauti ya 15 kwenda juu ni nzuri, 10 kwenda chini si nzuri, na katikati ni mpaka. Umri huipunguza, kwa hiyo bibi wa miaka 75 mwenye tofauti ya 8 simtishi. Nne kwa miaka 58 ni ndogo mno.

Kisha presha. Amelala dakika tano: 158 kwa 92, mapigo 80. Amesimama, dakika ya kwanza: 130 kwa 80. Dakika ya tatu: 124 kwa 78, mapigo 83. Presha ya juu imeshuka kwa 34, wakati kushuka kwa 20 au zaidi tayari ni tatizo. Tazama na mapigo: yamepanda kwa matatu tu. Mtu aliyepungukiwa maji presha ikimshuka hivyo moyo wake hukimbia kumwokoa. Huyu wa baba haukukimbia, maana hakuna waya wa kuuambia. Alisema tu anaona "giza kidogo, la kawaida". Kumbe amelizoea.

Hapa nataka msomaji asimame nami kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Karibu kila kliniki hupima presha mtu akiwa ameketi. Nilimpokea mama mmoja aliyevunjika nyonga kwa kuanguka kati ya jiko na migomba alfajiri. Kituo alichokuwa akihudhuria kilikuwa kimemwongezea dawa ya presha mara mbili kwa sababu ya namba za kiti, na hakuna hata siku moja aliyowahi kupimwa akiwa wima. Presha yake ilikuwa juu akilala na chini akisimama, yote mawili kwa mgonjwa mmoja. Hakuna picha ya nyuklia ambayo ingemwokoa mama yule. Dakika tatu za kusimama zingemwokoa.

Kati ya vipimo vitano, viwili vina mashaka kwa watu wetu. Cha kukaza ngumi na kuangalia presha ya chini inavyopanda hupotoshwa na presha yenyewe, na wataalamu wengi wamekiacha. Cha kupuliza kwa nguvu, kinachoitwa Valsalva, ambapo mgonjwa hupuliza kwenye bomba lililounganishwa na mashine ya presha akishikilia 40 kwa sekunde 15, ni kizuri, ila mwenye macho yaliyoathiriwa na sukari hadi kuota mishipa mipya ya damu asikifanye, maana inaweza kupasuka. Muulize daktari wa macho kwanza.

Makubaliano ya wataalamu yaliyochapishwa 2011 yanasema kipimo kimoja cha mapigo kikiwa kibaya ni dalili ya mwanzo, viwili vinathibitisha, na presha ikishuka kwa kusimama juu ya hivyo, ugonjwa umefika mbali. Vipimo hivi pia vina mahali visipofaa. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, au mwenye betri ya moyo, karatasi yake haisomeki kwa rula. Dawa za presha kama atenolol nazo huitia ukungu.

Kuna utafiti mmoja wa Marekani na Canada unaoitwa DIAD ambao huwa namweleza kila anayeamini picha kuliko karatasi. Walichukua watu 1,123 wenye kisukari cha aina ya pili, wasio na dalili yoyote ya moyo, wakawapiga nusu yao picha za nyuklia za mtiririko wa damu moyoni. Miongoni mwa waliopigwa, asilimia 22 walikutwa na hitilafu. Kilichoashiria hitilafu hiyo kwa nguvu zaidi kilikuwa nini? Kipimo cha kupuliza kilichokuwa kibaya. Na walipofuatiliwa karibu miaka mitano, waliopigwa picha na wasiopigwa walipata mashambulizi na vifo vya moyo kwa kiwango kinachokaribiana: asilimia 2.7 na 3.0. Zile zilikuwa picha za damu, si za neva, lakini funzo la kumpiga kila mtu picha bila swali mahususi ni lilelile.

Mashine ya saa 24

Hii hufungwa mkononi, ikajaza upepo kila dakika 20 au 30 usiku na mchana. Inafaa hasa kwa mwenye presha. Kwa kawaida presha ya usiku hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 ukilinganisha na ya mchana. Isiposhuka, au ikipanda, ni ishara kwamba mishipa ya kuchochea haijalala, na mtu huyo yuko hatarini zaidi hata kama namba zake za kliniki ni nzuri. Haitofautishi neva na figo au kukoroma kunakokata pumzi. Ila inampa daktari kitu cha kufanyia kazi. Ukikosa usingizi kwa sababu ya mashine yenyewe, sema ukweli siku ya kuirudisha.

Ni nani auze ng'ombe

Wa kwanza ni mwenye moyo uliokwisha kuwa dhaifu, ambaye daktari wa moyo anajiuliza kama apandikizwe kifaa cha kushtua moyo kifuani. Swali hilo ni kubwa, kifaa ni ghali, na MIBG inaweza kuongeza uzito upande mmoja wa mizani. Mazungumzo hayo yanafanyika na bingwa, KCMC au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam, na yeye ndiye aitake picha.

Wa pili ni yule ambaye mapigo yake hayana mpangilio, vipimo vya kitandani vimeshindikana, na jibu lingebadilisha matibabu yake. Hao ni wachache.

Wa tatu ndiye ninayemwonea uchungu zaidi akikosa, na swali lake si la mishipa ya moyo kabisa. Ni kijana mwenye presha kali isiyosikia dawa, inayokuja kwa mawimbi: kichwa kinapasuka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, kisha yanapita. Uvimbe wa tezi zilizo juu ya figo, uitwao feokromositoma, huweza kufanya hivyo, na sukari yake inaweza kupanda pia. MIBG ileile huuona uvimbe huo. Ilianza kwa kazi hiyo kabla ya kuwa ya moyo. Lakini hata yeye aanze na kipimo cha damu au mkojo cha metanefrini, halafu CT ya tumbo. Picha ya nyuklia hufuata hapo.

Ukifika mahali pa kuulizia, kwa mfano Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambako kuna kamera za nyuklia, usiulize tu kama wana kamera. Kamera ni nusu ya shughuli. Uliza kama iodini-123 yenye MIBG ipo, inaingia tarehe gani, na kama wanapima moyo au uvimbe peke yake. Uliza bima yako inalipa sehemu gani. Weka nauli na malazi ya watu wawili, kwa sababu mwenye presha inayoshuka akisimama hasafiri peke yake usiku.

Kwa wengine wote, mkihudhuria kliniki mwombe mambo mawili kwa heshima: "Daktari, naomba nipimwe presha nikiwa nimelala na nikiwa nimesimama," na "naomba kipimo cha kupumua kwenye ECG." Kwa kisukari cha aina ya pili iwe tangu siku kinapogunduliwa, kwa aina ya kwanza baada ya miaka mitano, kisha kila mwaka. Na kama unakwenda kufanyiwa upasuaji, mpe daktari wa usingizi majibu hayo kabla, maana presha ya mtu wa namna hii huweza kuyumba vibaya akiwa mezani.

Majibu ya baba yalibadilisha mambo manne palepale. Daktari alimuuliza dawa zake zote, ikajulikana anameza vidonge vya tezi dume alivyonunua mwenyewe, vya aina inayoshusha presha mtu akisimama. Vilibadilishwa. Dawa ya presha ilipangwa upya badala ya kuongezwa. Akaandikiwa kipimo cha moyo akiwa kwenye mazoezi, kwa kuwa mtu asiyesikia maumivu lazima atafutiwe. Na alifundishwa kuamka kwa awamu: kaa ukingoni mwa kitanda, chezesha miguu, hesabu hadi sitini, ndipo usimame. Sukari yake ilijadiliwa kwa uzito mpya pia. Katika utafiti wa DCCT wa Marekani na Canada, uliowahusu watu wa kisukari cha aina ya kwanza na matokeo yake kutolewa 1993, kuidhibiti sukari kwa makini kulipunguza ugonjwa huu wa neva kwa karibu nusu.

Kabla hajaondoka aliomba ile karatasi ya ECG. Aliinyoosha juu ya meza, akaiweka rula juu yake kama nilivyokuwa nimeiweka mimi, akaipiga picha kwa simu na kuituma Ujerumani. Kijana alijibu hapohapo akiuliza hizo milimita 20 na 21 ni za nini. Baba hakuandika. Alibonyeza kitufe cha kurekodi sauti, akaisogeza simu mdomoni: "Lala chali. Haya, vuta pumzi. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Toa."